Matuta ya Mke wa Sajini

Mtoto wa raia ukimwuliza kwao ni wapi, atakutajia kijiji, mto au kanisa. Sisi watoto wa Sajini Nzomo tulitaja kambi. Mimi, Ndinda, kifungua mimba, nilikuwa nikijibu, "Kwetu ni Mariakani, laini ya pili, nyumba ya mwisho," na mwaka uliotangulia ningekutajia Kahawa, na kabla ya hapo Lanet, kwa sauti ileile ya mtu asiye na wasiwasi. Nilizaliwa Nanyuki mwaka wa 1969. Musyoka alinifuata kule Gilgil, na Jonah, kitinda mimba wetu, akazaliwa Lanet usiku ambao baba alikuwa zamu. Nasema haya kwa kujivuna na siombi radhi. Hakuna mtoto aliyeijua nchi hii kama mtoto wa kambi. Tulijua baridi ya mlimani na joto la pwani, na tukipelekwa shule mpya hatukulia langoni. Tulitafuta kwanza mwenye nguvu darasani, tukafanya urafiki naye, kisha ndipo tukamwuliza mwalimu tuketi wapi.

Lakini habari hii ni ya mama yangu, Syombua, mke wa sajini. Ndiye aliyetuhamisha. Baba alikuwa anahamishwa na serikali, sisi tulihamishwa na mama. Amri ikitoka, yeye hakuuliza kwa nini. Alishusha mapazia, akakunja magodoro, akapaka nyumba chokaa ili mke wa askari anayekuja asiseme Mkamba aliacha uchafu, na lori la jeshi lilipofika lilitukuta tumesimama mlangoni kwa mstari, mkubwa mbele, mdogo nyuma, viatu viking'aa. Dereva mmoja alimwambia baba kwamba ameshindwa na mkewe kwa nidhamu. Baba alicheka lakini hakukataa.

Jambo moja tu lilimuuma mama, nalo lilikuwa shamba. Kila kambi tuliyohamia, kabla hajafungua masanduku, alishalima kipande nyuma ya nyumba. Mahindi, kunde, sukuma wiki, mbaazi. Na kila mara, mahindi yakianza kutoa ndevu, amri ilitoka. Tulipanda Gilgil wakala wengine, tukapanda Lanet wakala wengine. Nafikiri tulilisha nusu ya jeshi la Kenya. Kule Mariakani tulikaa jirani na Mwanamisi, mke wa koplo mmoja, mwanamke wa Kitui mjini ambaye wazee wake walitoka pwani wakifuata biashara. Ndiye aliyemfundisha mama kupika mahamri, na ndiye aliyemwuliza siku moja, wakichambua kunde, swali ambalo mama hakulisahau.

"Dada Syombua, hii ardhi ya serikali utailima mpaka lini? Wewe huna kwenu?"

Kwetu tulikuwa nako. Baba alikuwa na kipande cha mteremko Kalamba, upande wa Makueni, ambayo wakati huo ilihesabiwa ndani ya wilaya ya Machakos. Baba yake alimwachia kabla ya kufa. Nyanya yetu, Susu Mbinya, alikaa juu ya mteremko ule na kuulinda kwa macho tu, maana nguvu za jembe zilikuwa zimemwisha. Sisi watoto tulikuwa tumeuona wakati wa likizo, tukauita "kule kwa susu". Hatukuwahi kuuita kwetu.

Mwaka wa 1981 baba akapelekwa Wajir, mahali ambapo wakati huo askari wa cheo chake hakwenda na familia. Amri ikatoka tuondoke kambini. Lori lililotubeba lilikuwa linaelekea Nairobi, nalo likatushusha Makindu jua likizama. Tulikula dengu na chapati kwa Masingasinga, pale hekaluni pao ambapo msafiri hafukuzwi, tukalala, na kesho yake tukapata gari la mizigo mpaka Kalamba. Tulishuka tukajipanga mstari kama kawaida. Watu wa sokoni walituangalia, kisha wakaanza kucheka.

Na walikuwa na sababu. Kikamba chetu kilikuwa cha kuchechemea. Tulitandika vitanda mpaka blanketi likawa na kona. Saa kumi na mbili jioni, saa ambayo kambini tarumbeta hulia na bendera hushuka, Jonah alikuwa anasimama wima kwa mazoea popote alipo, hata akiwa ameshika mbuzi wa susu kwa sikio. Watoto wa shule wakatuita "wanajeshi". Mimi sikuudhika. Nilidhani ni sifa.

Wiki ile ile tukajua jambo lililokuwa likitungoja. Mteremko wetu ulikuwa umebaki bila matuta miaka mingi, na kila mvua ilikuwa ikichukua udongo na kuumwaga mashambani kwa watu wa chini. Baba mdogo Mutie, ndugu yake baba, alikuwa akichunga mbuzi wake pale. Alikuwa ameomba wazee wa ukoo wampe aulime, naye hakuwa mtu mbaya. Alisema wazi mbele ya mama kwamba ardhi haimngojei mtu anayezunguka na lori. Wazee wakakata shauri. Wangekuja kuuona mteremko ule mvua ya Novemba ikianza. Wakiukuta umechimbwa matuta, ni wa Nzomo. Wakiukuta ulivyo, Mutie ataulima, na Nzomo akistaafu atatafutiwa kipande mahali pengine.

Mama alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda cha susu, akatuambia bila kuficha. Kambi zote zile, alisema, tulikuwa wageni wa serikali, na hilo halikumsumbua kwa sababu kulikuwa na hapa. Hapa pakienda, tutakuwa wageni kila mahali. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nami nikaogopa kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Mteremko kama ule hauchimbwi na mwanamke mmoja na watoto watatu. Kwetu Ukambani kazi hiyo ni ya mwethya, yaani kikundi cha wanawake wanaolimiana kwa zamu. Leo wote wako kwako, juma lijalo wote wako kwangu. Wanachimba mtaro kukata mteremko, wanatupa udongo upande wa juu, na wenyewe huuita mtindo huo fanya juu. Wanaimba, mmoja anapiga filimbi, na jioni utakuta shamba limepanda ngazi. Mkuu wa mwethya wa kwetu alikuwa Muthoki, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisa. Mama akaenda kuomba kuingia. Muthoki akakubali siku hiyo hiyo, akasema mke wa Nzomo ni mke wao, na Ijumaa tukutane kwa Kalunde.

Kalunde alikuwa mwanamke mzee kuliko wote katika kikundi, mkavu, mwenye mgongo ulioanza kupinda. Tulifika shambani kwake kabla ya mtu yeyote, kwa mstari, majembe begani. Mama alikuwa na filimbi aliyopewa na baba, vigingi, na kamba ndefu yenye mafundo. Ndivyo alivyoona ikifanywa kambini miaka yote. Kambini kuna kazi ya pamoja wanayoiita fatiki, na kila mtu hupimiwa kipande chake. Ukimaliza chako, umemaliza, nenda zako. Hakuna mvivu wa kujificha nyuma ya mwenzake, na kazi inaisha mapema. Mama alitaka kuwaonyesha wenyeji kwamba hakuja mikono mitupu.

Basi wanawake walipofika wakakuta vigingi vimesimama. Mama akawaeleza kwa furaha kabisa, kwa Kikamba chake kilichochanganyika na Kiswahili cha kambini. "Kila mtu na kipande chake, akina mama. Tutamaliza kabla ya jua kali."

Walishika vipande vyao, wakachimba. Hawakuimba, na mimi nikadhani wanachimba kwa bidii. Sisi tulichimba kama watu waliotumwa na jenerali. Saa nne tulikuwa tumemaliza kipande chetu, kingo zimenyooka, mama akapuliza filimbi, tukaweka majembe begani na kurudi nyumbani kwa mstari, tukiwapita wanawake walioinama. Wa mwisho kabisa, chini kule, alikuwa Kalunde. Mama alimsalimia tulipompita. Kalunde hakuinua kichwa.

Jioni Muthoki alikuja mpaka kwa susu. Hakukaa. Alisema zamu yetu imerukwa, na alipoulizwa kama ni wiki hii au ijayo, akasema imerukwa tu, akaenda zake. Mama alimgeukia susu, uso umemtoka jasho. Alitaka kujua amekosa nini kwa watu wanaokula kazi yake.

Susu Mbinya alikuwa anachambua mtama. Aliuweka chini, akasimulia polepole. Wakati wa ukoloni, yeye na Kalunde wakiwa bado wake wachanga, chifu wa hapo alikuwa anatoa watu kuchimba matuta kwa nguvu. Askari wake alikuja na kijiti, akampimia kila mwanamke kipande. Aliyemaliza alifukuzwa aende nyumbani, haruhusiwi kumsaidia mwenzake. Asiyemaliza alichapwa. Kalunde alikuwa na mimba kubwa. Kipande chake kiliangukia kwenye mwamba. Wenzake walimaliza, wakafukuzwa, wakaondoka wakimwangalia nyuma, na fimbo walizisikia wakiwa njiani. Mtoto hakuzaliwa hai. Uhuru ulipokuja na wanawake wakaanzisha mwethya wao wenyewe, sheria yao ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna kupimiana, na hakuna anayeondoka mtu akiwa bado ameinama.

"Na wewe," susu alimaliza, "umempimia Kalunde ndani ya shamba lake."

Sijawahi kumwona mama vile, si kabla wala baadaye. Alijishika kichwa. Jonah akaja kumshika gauni. Baadaye mama aliingia ndani akatoa ile kamba ya mafundo, akaikata vipande, na kesho yake nikaona kuku wawili wa susu wamefungwa miguu kwayo wakingoja kupelekwa sokoni.

Hapa ndipo ninapotaka mtu amwelewe mama yangu, kwa sababu wengi wangekwenda kwa Kalunde na kilio na maneno mengi. Mama hakwenda na maneno. Siku ya mwethya iliyofuata, ingawa zamu yetu ilikuwa imerukwa na hakuna aliyetuita, alichukua jembe peke yake, bila filimbi, bila sisi, akaenda. Alipita wanawake wote akashuka mpaka mwisho wa mstari ambapo Kalunde alikuwa anachimba, akasimama kushoto kwake, akaanza. Wakati wengine walipokuwa wanamaliza na kusogea kusaidiana, mama hakupanda juu. Alibaki na Kalunde mpaka jembe la mzee lilipotua. Ijumaa ile hawakusemezana hata neno. Ijumaa iliyofuata vile vile. Aliporudi nyumbani adhuhuri alikula haraka, akatuchukua sisi, tukaenda kuchimba mteremko wetu wenyewe.

Udongo wa Kalamba wakati wa kiangazi ni kama sufuria. Jembe linaruka. Viganja vyangu vilipasuka, vikapona, vikapasuka tena, na Musyoka akawa halalamiki, jambo lililonitisha kuliko malalamiko. Kila jioni tulisimama juu kwa susu tukaangalia tulichofanya. Ilikuwa mitaro miwili mifupi kwenye mteremko mkubwa, kama mtu aliyekwaruza ukuta. Mutie alikuwa akipita na mbuzi wake, anatupa pole kwa dhati, anaendelea. Migunga ikaanza kuchipua majani, na kwetu mgunga ukichipua katika ukavu, mvua haiko mbali.

Zamu za wengine zikaisha. Ilibaki siku moja tu ya mwethya, Jumamosi badala ya Ijumaa, kabla ya kila mtu kwenda kupanda, nayo ilikuwa ya Kalunde, kwa sababu shamba lake la juu lilikuwa halijaguswa. Mama alilijua hilo. Ijumaa usiku alituambia tulale mapema. Kesho, alisema, tutaamkia kwa Kalunde, tutamaliza kwake kwanza, halafu jioni tutachimba kwetu kadiri tutakavyoweza, na wazee wakija wataona tulipofikia. Nilimwuliza itakuwaje tukishindwa. Akanijibu kwamba tutakuwa tumeshindwa tukiwa tumeinama, si tukiwa tumekaa.

Jumamosi alfajiri tulikuwa tunatoka mlangoni tuliposikia filimbi. Haikuwa yetu. Ilitoka njia ya chini, na nyuma yake wimbo, na nyuma ya wimbo wanawake wote wa mwethya wakipanda kuelekea kwetu, Muthoki akiwa katikati na Kalunde mbele akitembelea jembe lake. Mama akasimama. Nadhani alifikiri wanapita.

Kalunde akafika mpaka mbele yake. Muthoki ndiye aliyeeleza, kwamba siku hii ni ya Kalunde, na mwenye siku anaweza kuipeleka anapotaka. Kalunde mwenyewe alikuwa na neno moja tu la kuuliza.

"Mama Ndinda, ile kamba yako iko wapi?"

"Ilifunga kuku," mama akasema. "Wameshauzwa."

Kalunde alimwangalia. Kisha akacheka, meno machache aliyokuwa nayo yakaonekana yote, na mama naye akacheka huku machozi yanamshuka, wala hakuyapangusa. Susu Mbinya alitoka na chungu cha isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemka usiku kucha kwa ajili yetu watano, akakitazama kile chungu, akatutazama sisi umati, akarudi ndani kutafuta kingine.

Ngoja niseme mwisho wa mambo ya wazee, yasije yakanipotea. Mvua ilinyesha wiki iliyofuata. Wazee walikuja na makoti yao, wakakuta maji yamelala ndani ya mitaro mteremko mzima, juu mpaka chini, hayajamwagikia mtu. Mutie mwenyewe ndiye aliyesema mbele yao kwamba hapa ni kwa ndugu yake, na siku hiyo hiyo akahamisha mbuzi. Tulihama tena baadaye, ndiyo. Baba alirudishwa Nanyuki na sisi tukamfuata kwa lori, viatu viking'aa, lakini kila msimu mama alirudi Kalamba kupanda na kuvuna, na akiwa hayupo mwethya ulimpandia. Kalunde alizikwa mwaka 1990 na mama alikuwa katika waliombeba. Baba alistaafu, akajenga. Mimi nina duka la vitambaa Makindu, na mahindi ninayokula yanatoka kwenye matuta yale.

Lakini siku ya wazee siikumbuki sana. Ninaoukumbuka ni mchana wa Jumamosi ile.

Tulikuwa tumefika zaidi ya nusu, jua kichwani, wimbo umechoka kidogo, Jonah alipopiga kelele akionyesha njia. Baba alikuwa anapanda mteremko, amevaa magwanda, mfuko begani. Alikuwa amepewa likizo na hakuwa amemwambia mtu, ndiyo ilikuwa tabia yake. Wanawake walimshangilia. Mmoja wao akakimbia nyumbani kwa susu akamletea kiti, akakiweka kivulini, kwa heshima, kama anavyowekewa mgeni. Kiti kile kiliniuma bila mimi kujua kwa nini.

Baba alikitazama. Akavua shati la jeshi, akalitundika mgongoni mwa kiti, akachukua jembe la Musyoka, akaingia katika mstari. Alichimba kwa nguvu ya ajabu, mtu aliyezoea kuchimba mahandaki, na wanawake wakamtungia ubeti papo hapo. Alichukua tangu kichaka mpaka jiwe kubwa, akamaliza, akanyoosha mgongo. Akatazama kazi yake. Kisha akachukua shati lake na kutuita sisi watoto kama alivyotuita miaka yote kambini fatiki ikiisha.

"Haya, yetu tumemaliza. Twendeni nyumbani."

Mama alikuwa karibu nami. Aliinamisha uso na kungoja, nami nikaona ananingoja mimi.

"Baba," nikasema, "hapa hatuondoki mpaka wa mwisho amalize."

Majembe yakasimama. Kambini hakuna anayemwambia sajini hivyo, na Ukambani hakuna binti anayemwambia baba yake hivyo mbele ya wake za watu. Aliniangalia kama alivyokuwa anamwangalia kuruta aliyefungua kifungo. Sikuangalia chini, maana yeye ndiye aliyetufundisha kutoangalia chini. Kisha macho yake yakaniacha, yakashuka mteremko taratibu mpaka kule mwisho, ambapo Kalunde alikuwa bado ameinama na jembe lake dogo, akipambana na udongo bila kumtazama mtu.

Baba akatundika shati tena. Akashuka mpaka kule, akasimama kushoto kwa Kalunde, akaanza kuchimba, pole pole, kwa mwendo wa mzee. Mama alishika mkono wangu uliopasuka, akaubana, nami nikajiona mrefu kuliko mteremko wote.

Kalunde hakuinua kichwa. Alipaza sauti tu, ili wote tusikie, ingawa yeye alimjua baba tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

"Ndinda, huyu mgeni ni wa wapi?"

Nilikuwa nimeulizwa swali lile kambi zote nilizokaa, na mara zote nilijibu haraka. Siku ile nilijibu haraka zaidi.

"Si mgeni, susu. Ni baba yangu. Ni wa hapa."

Kalunde akasogea kidogo kulia, akampa nafasi.